Jukwaa Moja, Njia Tofauti: Waigizaji wa Kike wa Hungaria Waliozaliwa Kati ya 1910 na 1919

(Hotuba kwa wanafunzi wa sanaa za maonyesho, kabla ya kuonyeshwa filamu)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi, na ninyi mliovutwa na habari kwamba leo filamu ni bure: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa niseme machache kabla taa hazijazimwa. Machache ya mtu aliyeshikishwa kipaza sauti mnayajua, kwa hiyo anayetaka soda aende sasa hivi.

Filamu ya leo, Szerelem, ni ya Hungaria, na nimeona nitumie nafasi hii kuwasimulia kizazi kimoja cha waigizaji wa kike wa nchi ile, waliozaliwa takriban kati ya mwaka 1910 na 1919. Hawa walianza kazi pamoja, wengine kwenye jukwaa lilelile na mbele ya kamera zilezile, wakibusiwa kwenye filamu na mwanamume yuleyule, Pál Jávor mwenye masharubu membamba. Miaka 20 baadaye walikuwa wametawanyika kutoka Buenos Aires hadi Los Angeles. Mmoja alikuwa anauza kofia. Mmoja alikuwa sauti ya mama wa taifa zima kwenye redio. Mmoja aliolewa mara tisa, akajulikana zaidi kwa ndoa hizo kuliko kwa filamu zake. Nimesoma maandishi mengi yanayowapanga kwa vipaji: huyu alikuwa mkubwa, yule wa kawaida. Mimi naona kipaji hakielezi hata nusu ya yaliyowapata. Kilichoamua ni mwaka gani mtu aliondoka au alibaki, na kama huko alikokwenda kulikuwa na watu wa kumsikiliza.

Kwanza tuiweke sawa lugha, maana bila hiyo hamtanielewa. Kihungaria hakina undugu na lugha za majirani zake. Mwaustria, Mslovakia, Mserbia na Mromania wote wanaizunguka nchi hiyo, na hakuna hata mmoja anayeambulia kitu akisikia Kihungaria kinasemwa. Ndugu zake wa mbali ni Kifini na Kiestonia, huko kaskazini kabisa. Katika miaka ya 1930 Hungaria ilikuwa na watu wasiofika milioni 10. Basi mwigizaji wa Budapest akipanda treni kwenda Vienna, safari ya saa chache tu, anashuka akiwa bubu. Fundi seremala akihama hubeba randa yake. Mwigizaji wa maneno chombo chake cha kazi ni masikio ya wengine, na hayo hayapakiwi. Sisi wa Kiswahili tuna bahati hatuihesabu: unatoka Dar es Salaam, unavuka mpaka baada ya mpaka, unafika Bukavu, na bado utani wako unachekwa. Labda nusu.

Filamu zenye sauti zilianza kutengenezwa Budapest mwaka 1931, na studio ya Hunnia ikakamata mfumo uliouzika: karani msichana maskini, tajiri anayejifanya mtu wa kawaida, gari jipya, wimbo, harusi. Filamu iliyopiga kengele kuliko zote za aina hiyo ni Meseautó ya mwaka 1934. Ndimo alimoanzia, kwa uhusika mdogo tu, binti wa miaka 20 aliyeitwa Klári Tolnay. Lishikeni jina hilo.

Upande wa jukwaani, Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ulipata mkurugenzi mpya mwaka 1935, Antal Németh. Miaka hiyohiyo wakaingia pale vijana watatu waliotoka chuoni: Hilda Gobbi, aliyezaliwa 1913, Zita Szeleczky, wa 1915, na Éva Szörényi, wa 1917. Jaribuni kuwaona watatu hao wamesimama nyuma ya pazia moja. Szeleczky na Szörényi ni warembo, wanapewa mabinti wapenzi na mabibi harusi. Gobbi hakupewa hao. Tangu akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa anapakwa mikunjo usoni na kuchezeshwa vikongwe. Kuna mchezo mashuhuri wa Kihungaria wa karne ya 19, Csongor és Tünde, wenye mchawi mzee aitwaye Mirigy. Gobbi alimcheza mchawi huyo akiwa msichana, na akaendelea kumcheza kwa miongo, mpaka umri wake halisi ukaufikia ule wa kupakwa. Wasichana mlio hapa, mkinung'unika kwamba mmepewa uhusika wa bibi, kumbukeni jina la Gobbi. Warembo wawili walishaishiwa jukwaa la nyumbani zamani, yeye alikuwa bado anafanya kazi.

Lakini kabla ya hapo sheria iliingia. Mwezi Mei 1938 bunge la Hungaria lilipitisha sheria ya kwanza dhidi ya Wayahudi. Kikaundwa chombo cha kusajili watu wa maigizo na filamu, na bila kuwa mwanachama hufanyi kazi. Wayahudi hawakuruhusiwa kuzidi asilimia 20 ya wanachama. Mwaka uliofuata sheria ya pili ikashusha kiwango hadi asilimia 6. Katika mji ambao waandishi, watunzi wa nyimbo, waongozaji na waigizaji wengi walikuwa Wayahudi, fikirieni maana yake: asubuhi moja nusu ya watu unaofanya nao mazoezi hawana kibali. Irén Ágay, aliyezaliwa 1912, alikuwa mmoja wa nyota wapendwa wa vichekesho. Mumewe, István Székely, ndiye mwongozaji aliyetengeneza Hyppolit, a lakáj, kichekesho kilichofungua soko lote la filamu zenye sauti nchini humo. Székely alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 wakaondoka pamoja kwenda Marekani. Mume alipata kazi za kuongoza filamu ndogondogo kwa jina la Steve Sekely. Mke hakupata kitu cha kufanana na alichokiacha, na mwaka 1950 akafariki New York kabla hajafika miaka 40. Waliobaki Budapest na kunyimwa kibali walijipanga wakacheza ndani ya ukumbi wa Goldmark, ubavuni mwa sinagogi kubwa la mtaa wa Dohány, mbele ya watazamaji Wayahudi peke yao. Waliendelea hivyo kuanzia 1939 hadi Wajerumani walipoivamia nchi mwezi Machi 1944.

Na sasa sikilizeni, maana hapa historia ina kejeli yake. Wakati huohuo watu wanafukuzwa, idadi ya filamu iliongezeka. Vita vilizuia filamu za Marekani na Uingereza kuingia, soko likabaki tupu, na Hungaria ikawa inatoa filamu zaidi ya 40 kwa mwaka. Nafasi zilizoachwa wazi zikahitaji sura mpya. Ndipo akatokea Katalin Karády.

Karády hakupitia chuo chochote. Alizaliwa mwaka 1910 Kőbánya, mtaa wa viwanda na wafanyakazi pembezoni mwa Budapest, mtoto wa mwisho wa fundi viatu mwenye watoto saba. Jina lake la ukoo lilikuwa Kanczler. Hilo la Karády alipewa na mwandishi wa habari Zoltán Egyed, aliyeamua kumtengeneza awe nyota. Mwishoni mwa mwaka 1939, akiwa na miaka 29, alitokea katika Halálos tavasz pamoja na Pál Jávor. Kabla yake filamu za Hungaria zilikuwa na wasichana wachangamfu wenye sauti nyembamba. Huyu akaingia na sauti nzito, yenye kukwaruza, ya mtu aliyevuta sigara usiku kucha, na macho yasiyoomba radhi. Mwanamume anampenda, yeye anamtesa, na mwisho mwanamume anajiua. Wimbo wa filamu ile ukaimbwa kila mahali. Wanawake wakasuka nywele kama zake, wakavaa kama yeye.

Wakosoaji wengi walisema hajui kuigiza. Nimetazama filamu zake kadhaa, nami nasema wana haki kwa sehemu fulani: mwili wake ni mzito, na maneno mengine anayasema kana kwamba ameyakuta njiani. Lakini mwacheni aimbe. Haimbi kwa nguvu, karibu anaongea. Anaichelewesha noti kidogo, anaiachia ishuke, na kamera haina ujanja ila kumkaribia. Hilo hakufundishwa na mtu. Ndani ya miaka mitano alicheza filamu takriban 20.

Mchumba wake alikuwa Jenerali István Ujszászy, mtu mkubwa katika ujasusi wa Hungaria na mmoja wa waliotaka nchi ijitoe kwa Hitler. Wajerumani walipoingia, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, ikamkamata Karády mwezi Aprili 1944 kwa kumshuku kwamba anafanya kazi kwa ajili ya upande wa pili. Walimtesa. Alikaa kizuizini takriban miezi mitatu, akatoka akiwa hoi, akakuta nyumba yake imeporwa. Hapa mtu mwingine angejifungia. Yeye, wakati wanamgambo wa msalaba wa mishale, chama cha kifashisti cha Hungaria, walipokuwa wanawapanga Wayahudi kwenye ukingo wa Mto Danube na kuwapiga risasi, alitoa vito na dhahabu yake kuwakomboa watoto, akawaficha kwenye makazi yake. Walionusurika ndio waliotoa ushahidi, na mwaka 2004 Yad Vashem, taasisi ya Jerusalem ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ikamtambua kuwa mmoja wa Waadilifu wa Mataifa, yaani watu wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Yeye mwenyewe alikuwa amekufa miaka 14 kabla, na katika maisha yake hakulifanya jambo hilo kuwa hadithi ya kujisifia.

Mngetarajia utawala mpya uliowashinda mafashisti ungempa nishani. Haukumpa. Ujszászy alikamatwa baada ya vita na hakurudi. Kwa wakomunisti Karády alikuwa alama ya Hungaria ya zamani, ya vileo na mabibi wa manyoya. Akapata filamu moja tu ya mwisho, kisha milango ikafungwa, filamu zake zikafichwa kabatini. Mwaka 1951 akatoroka nchi. Akapita Austria, Uswisi na Ubelgiji, akafika Brazil, na pale São Paulo akafungua duka la kofia za wanawake. Mwaka 1968 akahamia New York, huko nako akafungua duka la kofia. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu alipoondoka. Aliishi miaka mingine karibu 40, na kwa wateja wake wengi alikuwa mwenye duka mwenye lafudhi ya kigeni.

Miaka ya 1970 na 1980 Hungaria ililegea. Santuri zake zikachezwa tena, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa enzi zake wakamwabudu. Mwaka 1980 alipofikisha miaka 70 wakamwalika nyumbani. Hakwenda, alituma kofia. Wengine wanaliona jambo hilo ni la kuchekesha, wengine ni jeuri. Kwangu mimi ni jibu la mtu aliyekuwa na adabu ya kutotukana. Alifariki New York mwezi Februari 1990, na hapo ndipo aliporudi Budapest, ndani ya jeneza, na umati ukajaa kumzika. Utawala uliomfungia milango nao ulikuwa kwenye wiki zake za mwisho.

Nimekaa sana kwa Karády. Ndivyo ilivyo, yeye huchukua nafasi ya wenzake hata kwenye hotuba.

Zita Szeleczky yeye aliondoka mapema zaidi, vita vilipokuwa vinaisha. Alikuwa amecheza filamu zaidi ya 20 akiwa msichana mwema wa Kihungaria mwenye nywele za kusukwa, na alikuwa ametoa sauti yake kwa upande ulioshindwa. Mahakama za wananchi zilizoundwa baada ya vita zilimhukumu kifungo cha miaka mitatu akiwa hayupo. Akaishi Argentina, kisha California. Alichofanya kule kinanigusa: aliendelea kuigiza kwa Kihungaria. Alizunguka kwa wakimbizi wenzake akisoma mashairi, akicheza michezo kwenye kumbi za kanisa na za vyama, mbele ya watu waliokuja baada ya zamu za kiwandani. Miaka ya 1990 hukumu yake ikafutwa. Mwaka 1998 akarudi Hungaria, akafariki mwaka uliofuata. Sina haja ya kumsafisha kisiasa. Ninachokiona ni mwigizaji aliyekubali ukumbi wa watu 80 kuliko kucheza bubu kwenye ukumbi wa watu 2,000.

Na wala msidhani ni wanawake tu. Jávor yuleyule wa masharubu, ambaye wanamgambo walimfunga mwaka 1944, alikwenda Marekani mwaka 1946. Hollywood ikampa vipande vidogo, na kwa kula akafanya hata ubawabu. Alirudi Budapest mwaka 1957, akafa mwaka 1959.

Sasa waliobaki. Klári Tolnay, yule binti wa Meseautó, alibaki. Kati ya 1946 na 1949 alikuwa mmoja wa viongozi wa ukumbi wa Vígszínház, katika mji ambao mzingiro wa majira ya baridi ya 1944 na 1945 ulikuwa umeubomoa. Serikali ilipotaifisha kumbi za maigizo mwaka 1949, yeye akahamia Madách, na huko akabaki mpaka kufa kwake mwaka 1998. Tuzo ya Kossuth, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wasanii wa Hungaria, aliipata mara mbili mfululizo, 1951 na 1952. Angalieni miaka hiyo. Mwaka 1951 Karády anavuka mpaka kwa siri, Tolnay anavikwa tuzo. Walikuwa nyota wa zama zilezile. Tolnay alijua namna ya kuvua ubibi wa kifahari na kuvaa umama, uchekeshaji, uzee. Watu walimpenda tangu akiwa na gauni la hariri hadi akiwa na fimbo ya kutembelea. Manyi Kiss naye alibaki, mzaliwa wa Transilvania wa mwaka 1911, ambaye ujanani alizunguka Ulaya na kundi la mazingaombwe la mumewe kabla ya kurudi kuwa mchekeshaji mkubwa wa kike wa nchi yake. Kama kuna mtu hapa anapenda vichekesho vya mwili, amtafute.

Hilda Gobbi nampa muda zaidi. Wakati wa vita alikuwa kwenye harakati za siri dhidi ya ufashisti. Baada ya vita alikuwa mkomunisti wa kweli, wa imani, na alikuwa na sauti kwa wakubwa. Sasa mtu mwenye sauti kwa wakubwa hufanya nini nayo? Wengi hujipatia uhusika mkubwa na nyumba nzuri. Gobbi aliwajengea waigizaji wazee makazi. Alikuwa amewaona watu waliowahi kupigiwa makofi na mji mzima wakifa kwenye vyumba baridi bila pensheni, akakataa. Mwaka 1952 akasimamia pia kuanzishwa kwa jumba la makumbusho ya waigizaji ndani ya nyumba ya marehemu Gizi Bajor, mwigizaji mkubwa wa kizazi kilichotangulia. Sidhani kama nyumba hizo zingesimama bila kadi ya chama mfukoni mwake, na nadhani tuseme hivyo wazi, badala ya kumfanya malaika.

Mwaka 1959 redio ya Hungaria ilianza mchezo wa kila wiki juu ya familia ya kawaida, A Szabó család. Gobbi akawa Mama Szabó. Bei ya nyama, mtoto aliyefeli, jirani mwenye maneno, foleni ya kupata nyumba: yote yalipita jikoni kwake. Ninyi ambao wazazi wenu walinyamazisha nyumba nzima mchezo wa redio ulipoanza mnaijua hali hiyo. Mchezo ule ulidumu hadi mwaka 2007, muda mrefu baada ya yeye kufa. Na mwaka huohuo wa 1959 chuki za ndani ya kazi zilikuwa zinamsukuma nje ya Ukumbi wa Taifa. Kuanzia 1960 akafanya kazi József Attila, ukumbi wa mtaa wa wafanyakazi. Alirudi Taifa mwaka 1971. Lakini jengo lenyewe alilolijua halikuwapo tena. Mwaka 1965 serikali ilililipua kwa baruti, kwa sababu iliyotajwa kuwa ni ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Katika miaka ya 1980 Gobbi, akiwa na miaka 70, aliongoza kampeni ya kuchangisha fedha kwa wananchi ili kujenga Ukumbi wa Taifa mpya; watu walinunua tiketi za kuchangia matofali. Alifariki mwaka 1988. Ukumbi mpya ulifunguliwa tarehe 15 Machi 2002, baada ya ugomvi mrefu wa wanasiasa kuhusu mahali pa kuuweka.

Éva Szörényi, mrembo wa tatu wa pazia lile, alibaki kwanza, akapata Kossuth mwaka 1952, akawa nguzo ya Ukumbi wa Taifa. Kisha ikaja Oktoba 1956. Aliunga mkono mapinduzi ya wananchi dhidi ya utawala wa kikomunisti, vifaru vya Wasovieti vikarudi, akaondoka na familia yake. Los Angeles akawa kiongozi katika vyama vya wakimbizi wa 1956, akaigiza kwenye vikundi vya Kihungaria. Kwa hiyo katika wale watatu, mmoja alipoteza jukwaa mwaka 1945, mmoja mwaka 1956, mmoja hakulipoteza ila akabomolewa jengo.

Najua kuna mtu ananong'ona hapo nyuma: mbona wengine walifaulu ng'ambo? Ndiyo, na tazameni walifaulu vipi. Marika Rökk, wa 1913, ni Mwafrika mwenzetu kwa hati ya kuzaliwa, maana alizaliwa Cairo kwa wazazi Wahungaria. Alikuwa mchezaji dansi kabla ya kuwa mwigizaji. Akiwa mtoto tayari alikuwa anacheza Paris. Studio ya UFA ya Berlin ilimchukua mwaka 1934, naye akawa malkia wa filamu za muziki za Ujerumani ya Hitler, pamoja na Frauen sind doch bessere Diplomaten ya 1941, filamu ya kwanza ndefu ya Kijerumani iliyopigwa kwa rangi. Wakati Karády yuko mikononi mwa Gestapo, Rökk alikuwa anaburudisha taifa lililoituma Gestapo hiyo. Baada ya vita alizuiwa kwa muda, kisha mwaka 1948 akapewa tuzo ya kwanza kabisa ya Bambi, tuzo ya filamu ya Ujerumani, na kuendelea kucheza hadi uzeeni. Miguu haihitaji mkalimani. Na lafudhi yake ya Kihungaria Wajerumani waliiona kuwa utamu.

Kina dada Gabor walikwenda mbali zaidi: waliigeuza lafudhi kuwa kazi yenyewe. Zsa Zsa, wa 1917, na Eva, wa 1919, hawakuwa na jina kubwa kwenye majukwaa ya Budapest. Hawakuwa na cha kupoteza. Marekani ilitaka bibi wa Ulaya mwenye manyoya, almasi na maneno ya kejeli, nao wakamtoa. Zsa Zsa alifanya kazi na waongozaji wakubwa, John Huston na Orson Welles, lakini watu walitaka kumsikia akizungumzia waume. Eva ndiye ninayemheshimu zaidi. Kuanzia 1965 hadi 1971 alicheza Green Acres kwenye televisheni, mwanamke wa mjini aliyepelekwa shamba, na ukimtazama kwa makini utaona anahesabu muda wa kila utani kama mpiga ngoma. Baadaye akaazima sauti yake kwa wanyama wa katuni za Disney: paka wa The Aristocats, panya wa The Rescuers. Watoto wengi wa dunia hii wamesikia Kihungaria kikijificha ndani ya Kiingereza chake bila kujua. Ila uhusika aliopewa ulikuwa uleule. Hakuna aliyemwomba acheze mwanamke aliyefiwa.

Nadharia yangu ina mtu mmoja anayeisumbua, na ndiye mtakayemwona leo. Lili Darvas si wa kizazi hiki. Alizaliwa mwaka 1902. Alikuwa nyota Budapest, akaolewa na mwandishi Ferenc Molnár, kisha Max Reinhardt, mwongozaji mashuhuri wa michezo ya jukwaani ya Kijerumani, akamtaka, naye akajifunza Kijerumani mpaka akawa nyota Vienna. Mwaka 1938 Hitler alipoichukua Austria akakimbilia New York, akaanza tena kwa Kiingereza. Lugha tatu, majukwaa matatu. Kwa hiyo inawezekana. Lakini mwongozaji Károly Makk alipotengeneza Szerelem, filamu iliyopata Tuzo ya Majaji kule Cannes mwaka 1971, alimrudisha Budapest, akiwa na miaka 68, acheze kwa Kihungaria bibi mgonjwa kitandani ambaye anaamini mwanawe yuko Marekani anatengeneza filamu. Ukweli ni kwamba mwana yuko gerezani kwa siasa, na mkwe, anayechezwa na Mari Törőcsik, ndiye anayetunga barua. Darvas alikufa miaka mitatu baada ya filamu hiyo. Nimewahi kumwona kwenye kazi zake za Kiingereza: fundi, safi, hana kosa. Mtazameni humu anavyoipokea barua, anavyokagua bahasha kabla ya kuifungua, halafu mniambie kama ni mwigizaji yuleyule.

Maswali tuyaweke baada ya filamu. Na anayetaka kunipinga kuhusu Marika Rökk ajiandae, maana kwa huyo nami bado nabishana na nafsi yangu. Asanteni. Fundi, tafadhali.